Vyakula na Bakteria wa Tumbo: Kilichonisaidia na Kilichoniunguza

Kwa miezi mitatu nilikuwa nikiamka alfajiri, naponda punje mbili za kitunguu saumu, nazichanganya na kijiko cha asali na kuzimeza kabla sijatia kitu kingine kinywani, kwa kuwa niliambiwa na watu ninaowaheshimu kwamba hiyo ndiyo dawa ya vidonda vya tumbo. Siku za mwanzo nilidhani nimepata nafuu. Kufikia wiki ya tatu kiungulia kilikuwa kikali kiasi kwamba nililala nimeegemea mito miwili, na nilipokwenda kupima hatimaye, kipimo cha kinyesi kilionyesha kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye husababisha vidonda vingi vya tumbo, yumo, wala hajatikisika.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba kosa langu halikuwa kula kitunguu saumu, bali kukitwisha kazi isiyo yake. Bakteria huyu hakai juu juu tu akisubiri chakula kimpitie. Hujichimbia ndani ya ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo, na hutoa kimeng'enya kinachoitwa urease, ambacho huigeuza urea kuwa amonia na hivyo kuipunguza makali asidi inayomzunguka. Ndiyo maana kitu kinaweza kumuua katika sahani ya maabara, mahali asipo na pa kujificha, kisha kikashindwa kumfikia tumboni. Kitunguu saumu ni mfano mzuri: kikipondwa hutoa alisini, ambayo maabara imethibitisha kwamba humdhuru bakteria huyu, lakini watu walioambukizwa walipopewa kitunguu kibichi katika utafiti, maambukizi yao hayakupungua. Mimi sasa nakila kikiwa kimepikwa, kama kiungo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asikitumie kwa wingi bila kumuuliza daktari wake.

Katika vyakula vyote nilivyovijaribu, brokoli ndiyo iliyonivutia zaidi, hasa miche yake michanga ya siku chache, kwa sababu ina kwa wingi sulforafani, kemikali ya asili inayomdhuru bakteria huyu. Watafiti nchini Japani waliwapa watu wenye maambukizi gramu 70 za miche hiyo kila siku kwa wiki 8, na dalili za kuwapo kwa bakteria zikapungua katika vipimo. Walipoacha kuila, dalili hizo zilirudi palepale zilipokuwa. Mtu akisoma nusu ya kwanza ya habari hiyo ataifanya brokoli kuwa dawa, na nadhani wengi wanaotushauri husoma nusu hiyo tu.

Mtindi ndio ulionifaa kwelikweli, ingawa si kwa namna niliyoitarajia. Daktari aliniandikia dozi ya siku 14, yaani antibiotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na siku ya nne tumbo lilianza kuniendesha hata nikafikiria kuziacha. Nilianza kula bakuli dogo la mtindi usiotiwa sukari, wenye bakteria hai, saa mbili baada ya kila dozi. Kuhara kulitulia na nikaweza kumaliza vidonge vyote, jambo ambalo lina uzito kuliko chakula chochote, kwani dozi inayokatwa katikati huwaacha bakteria waliozizoea dawa. Tahadhari moja: kama umeandikiwa antibiotiki iitwayo tetrasaiklini, usiitumie pamoja na maziwa wala mtindi, kwa sababu madini ya kalsiamu yaliyomo huishika dawa na kuizuia isifyonzwe vizuri.

Maziwa nayo, ambayo nilikuwa nikiyanywa kila tumbo lilipochoma, hutuliza kwa dakika chache kisha huchochea tumbo kutoa asidi zaidi. Asali sina ugomvi nayo, ila mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa.

Kwa anayetaka kuanzia mahali, ningesema aanze na kipimo, kisha chakula kiisindikize dawa. Usisubiri hata siku moja ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, ukipungua uzito bila sababu au chakula kikikwama unapomeza. Hayo ni mambo ya hospitali. Tena ukimaliza dozi, usikimbilie kupima wiki hiyohiyo: zinatakiwa zipite angalau wiki 4 tangu antibiotiki ya mwisho, na dawa za kupunguza asidi ziwe zimeachwa wiki 2 kabla, la sivyo kipimo kinaweza kusema bakteria hayupo ilhali amepungua tu. Mimi nilisubiri wiki 6, nikapima kwa pumzi, nikakuta hayupo. Mtindi nimeendelea nao, na mto mmoja nimeurudisha kabatini.