Kwa bendi zinazorudi studio baada ya kibao cha kwanza

Jumamosi iliyopita walinijia studioni vijana wawili kati ya watatu wa bendi moja ya Maweni, ambayo wimbo wake ulivuma msimu wote wa Desemba, wakiwa na jina la albamu ya pili, picha ya jalada na tarehe ya uzinduzi, ila nyimbo zenyewe zilikuwa mbili na nusu. Nilipouliza mpiga drams wao yuko wapi, mpiga gitaa alinijibu kwamba hajaambiwa bado, kwa sababu safari hii huenda midundo ikatengenezwa kwenye kompyuta. Maneno hayo nimewahi kuyasema mimi mwenyewe, karibu neno kwa neno, kwa hiyo niliwaomba waende nyumbani nami nitawaandikia. Haya ndiyo niliyowaandikia, na yawafae wengine wote mnaopiga muziki wa panki hapa Malindi na Watamu.

1. Msiingie studio kushindana na albamu yenu ya kwanza. Nyote mnaipenda Green Day, ile bendi ya panki ya Marekani, basi itazameni vizuri. Albamu yao Dookie ilitoka Februari 1994 na kuuzwa kwa mamilioni, na kwa sababu ya kusaini na kampuni kubwa ya muziki, ukumbi wa 924 Gilman Street kule Berkeley uliowalea ukawafungia mlango. Oktoba 1995 wakatoa albamu ya Insomniac, nyimbo 14 ndani ya dakika zisizofika 33, nzito na chungu kuliko zilizotangulia. Haikuuzwa kama Dookie, wala haikutengenezwa ili iuzwe hivyo; ni kazi ya vijana waliochoka, waliotengwa na watu wao, na mwimbaji wao alikuwa amepata mtoto wa kwanza mwaka huohuo. The Offspring, bendi nyingine ya panki ya Marekani, nao walitoa albamu ya Smash mwaka 1994 wakakaa hadi 1997 kabla ya kutoa Ixnay on the Hombre, karibu miaka mitatu, na bado mauzo hayakuifikia Smash. Mmoja aliharakisha, mwingine alisubiri, na hesabu ikawa ileile, kwa hiyo acheni kunisumbua kwa swali la kwamba mtoe lini. Niulizeni mmepatwa na nini tangu Desemba, kwa maana hayo ndiyo mtakayoyaimba.

2. Msimwondoe mtu chumbani. Green Day walirekodi Insomniac watatu walewale, na prodyuza yuleyule Rob Cavallo waliyekuwa naye kwenye Dookie. Bendi yangu mimi haikufanya hivyo, na hapa inanibidi niseme kwa urefu.

Kanda yetu ya kwanza tuliirekodi Mombasa kwa siku mbili, wote watatu katika chumba kimoja, maikrofoni ya sauti ikinasa matoazi na matoazi yakinasa gitaa. Ilipigwa kwenye matatu zote za njia ya Mombasa, na kabla ya mwaka kuisha promota mmoja akatulipia studio kubwa zaidi. Prodyuza wa huko alisikiliza kanda yetu, akasema kwamba mpiga drams wetu hukimbia, yaani huongeza kasi, kila tunapofika kwenye kiitikio, na kwamba mashine ya midundo haikimbii. Nilikubali papo hapo. Lililo baya zaidi ni kwamba sikumwambia mwenzangu ukweli. Nilimwambia kurekodi kumeahirishwa mpaka mvua za masika ziishe kwa sababu fedha hazijapatikana, naye akanipa pole. Nilimjua tangu tukiwa chuoni, na ndiye aliyenifundisha kuhesabu nne kabla ya kuanza wimbo.

Wimbo mmoja wa kanda hiyo mpya aliusikia ndani ya matatu akitoka Gede. Jioni alikuja kwetu, akaketi barazani, akanywa kahawa aliyopewa na mama yangu, kisha akaniuliza ni wimbo upi alioukosea, ili aufanyie mazoezi. Hakuna tusi ambalo lingeniumiza kama swali hilo. Nilimjibu habari za mashine na mapigo, naye akaitikia kwa kichwa kwa adabu, akamshukuru mama, akaondoka.

Kanda ile ya pili haikumwinua mtu kitini. Kwa muda mrefu nililaumu nyimbo, hadi siku moja nilipoipima kanda ya kwanza kwa metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo, na kukuta kwamba kiitikio kinauzidi ubeti kasi kwa mapigo machache tu kwa dakika. Mapigo hayo ndiyo yaliyokuwa yakiwarusha watu. Aliyasukuma yeye kwa kuwa alituona tunavuta pumzi tayari kupaza sauti, na mashine haimwoni mtu akivuta pumzi. Nilikwenda kumwomba radhi mara tatu. Mara ya tatu alinipokea, tukala pamoja, lakini hakurudi kupiga nasi. Leo hupiga ngoma kwenye maharusi ya Shela, nami nikipita usiku humtambua kabla sijamwona.

Kwa hiyo mkiambiwa mwenzenu anakimbia, sikilizeni kwanza anakimbilia wapi. Ikiwa anapoteza wimbo, mazoezi yapo, na kliki ya kumshikisha mapigo masikioni ipo. Ikiwa anaubeba, mwacheni.

3. Jaribuni kila wimbo mpya mbele ya watu wasiokuja kwa ajili yenu. Aprili hadi Juni hoteli nyingi zimefungwa na nyimbo za watu wengine mnazowapigia wageni hazihitajiki, basi huo ndio wakati wa kwenda Barani na nyimbo zenu wenyewe.

4. Nyuzi mpya za gitaa zifungwe siku moja kabla, si studioni.

5. Mgao wa fedha uandikwe na kutiwa saini na wote kabla maikrofoni hazijawashwa.

6. Wimbo usioingia kwenye albamu hii msiufute. Wimbo wa polepole wa Green Day, Good Riddance, uliandikwa kabla ya Dookie, na haukuingia katika albamu yoyote hadi Nimrod ya 1997, ambako gitaa moja na fidla zilitosha. Ile nusu ya wimbo mliyonipigia Jumamosi, inayoanza na besi peke yake, ni nzuri kuliko hizo mbili nzima. Imalizieni taratibu, na ikikataa, iacheni ikae.

Nimewawekea nafasi Alhamisi saa tatu asubuhi. Drams zitakuwa zimeshafungwa, na kiti cha mpiga drams wenu nitakishusha kidogo kwa kuwa nakumbuka ana miguu mifupi. Nendeni kwao kabla ya hapo, mmweleze yote mliyokuwa mmeyapanga bila yeye, na mje watatu.