Kabla ya kufungua kompyuta, kasimame barabarani

Mradi wangu wa kwanza wa uhandisi wa usafiri niliuharibu Jumapili moja, nikiwa mwaka wa tatu. Tulikuwa wanne, tumejigawa pande mbili za barabara ya Kakamega hapa Kisumu, tukihesabu magari. Jumapili kwa sababu hatukuwa na vipindi. Hakuna aliyekumbuka kwamba ndiyo siku soko la Kibuye hufurika: mikokoteni, boda zilizolemewa magunia, matatu zikishusha watu katikati ya njia. Mhadhiri alizitazama karatasi zetu akauliza, "Mlihesabu barabara au soko?"

Ukitaka siku ya kawaida, hesabu Jumanne hadi Alhamisi. Siku ya soko ihesabu kando; nayo ina haki yake.

Fomu yetu tuliitoa mtandaoni. Ilikuwa na gari dogo, basi, lori na pikipiki. Tuktuk, Kisumu hii, haikuwemo! Mwenzangu akaziandika kwa pikipiki, mimi kwa gari dogo, na hesabu zetu hazikupatana kamwe. Simama kwanza nusu saa bila kuandika kitu, uone kinachopita, ndipo uchore fomu yako. Wanaotembea kwa miguu pia wawekee safu.

Kisha gawanya saa kwa dakika 15. Hapa ndipo wengi huona uvivu. Tuseme kati ya saa moja na saa mbili asubuhi umepata 210, 260, 310 na 220. Jumla ni magari 1,000. Lakini ile robo ya tatu, ukiizidisha kwa 4, ni kiwango cha magari 1,240 kwa saa. Gawanya 1,000 kwa 1,240 upate kama 0.81. Hicho ndicho kigezo cha saa ya kilele, yaani saa yenye magari mengi kuliko zote: kikikaribia 1, magari yanakuja sawasawa, kikishuka, yanakuja kwa mkupuo. Makutano yanayobeba 1,000 tu kwa saa yatalemewa katika robo ile, na foleni yake itarithiwa na robo inayofuata, hata magari yakiwa yamepungua.

Jambo la mwisho, mavazi. Tuliporudi Jumatano tulivaa jaketi za kung'aa, tukajiona wahandisi kamili. Makanga wakadhani sisi ni watu wa kaunti. Asubuhi nzima kila matatu ilishusha abiria stejini kwa adabu ya ajabu, na ikabidi turudi tena Alhamisi, tumevaa kawaida, tumekaa mbali kidogo na lami.