Kalamu ya wino kukata na kuvuja: usinunue nibu kwanza

Mkuu, umesema kalamu yako inaandika mistari miwili inakata, halafu ukiiweka mfukoni inamwaga. Wameshakwambia nibu, ile ncha ya chuma inayoandika, imekufa. Mimi nimeharibu mashati mawili kabla ya kujifunza kwamba nibu mara nyingi inasingiziwa.

Chukua dumu la mafuta lililojaa, liinamishe. Linatoa glu, linanyamaza, glu tena, kwa sababu mafuta hayatoki mpaka hewa iingie kushika nafasi yake. Kalamu nayo ni hivyo hivyo. Chini ya nibu kuna kile kiplastiki cheusi chenye vifereji vyembamba: wino unashuka, hewa inapanda. Lewis Waterman, mtengeneza kalamu, alipata hataza yake (haki ya ubunifu) Marekani mwaka 1884 kwa ufundi huo huo. Vifereji vikiziba, wino unakata. Hewa ya ndani ikitanuka, inausukuma nje.

Tuanze na kukata. Ya kwangu ilikuwa imelala kwenye droo na wino ndani, sijui miaka mingapi. Nililoweka upande wa nibu kwenye glasi ya maji ya bomba usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa buluu kama yaliyotiwa nili. Nikabadilisha siku tatu mfululizo, mara ya mwisho na tone moja la sabuni ya vyombo, kisha nikasuuza sana. Usitumie maji ya moto wala spiriti, kuna plastiki haziyavumilii. Ikaandika vizuri, ikaanza tena kukwaruza. Kuitazama kwenye mwanga, kumbe unyuzi wa karatasi ya kaunta buku umenasa kwenye ufa wa nibu! Niliutoa kwa kipande cha negativu ya picha ya zamani. Wembe usithubutu, unapanua ufa.

Halafu angalia kile kipampu cha kuvutia wino. Wakati mwingine wino upo tele lakini umeng'ang'ania juu, kama tone la maji kwenye jani la mgomba. Kigongegonge kidogo kwa kidole ushuke. Hilo limenisumbua kuliko yote, maana unaona wino kwa macho na kalamu haiandiki.

Kuvuja sasa. Nilitoka Dar na kalamu yenye wino nusu, mfukoni. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kadiri basi linavyopanda mgandamizo wa hewa unapungua, hewa iliyofungiwa ndani inatanuka. Nilipofungua kifuniko hotelini, kilikuwa kimejaa wino. Joto la mwili nalo linafanya kazi hiyo hiyo, polepole. Siku hizi nikisafiri naijaza pomoni au naimwaga kabisa, na nibu inatazama juu.

Kama inavuja hata ikiwa imetulia mezani, ifute ikauke, izungushie tishu, ilale hadi asubuhi. Doa likianzia kwenye maungio, pana ufa au imelegea. Likiwa ndani ya kifuniko tu, ni hewa au mtikisiko.

Na wino wa mhuri, tafadhali! Najua ndio unaopatikana kila stationari, na mimi niliujaza. Ni mzito, umetengenezwa usikauke haraka kwenye pedi, na kuutoa kulinichukua wiki nzima.

Tuambie umejaza wino gani, na buluu kwenye tishu imeanzia wapi.