Kea wa Uingereza hana leseni, na hilo si la kushangilia

Mtoto wa kaka yangu, wa Makorora, Tanga, kaniandikia: "Shangazi, nasikia huko Uingereza kazi ya kea, yaani ya kulea wazee na wagonjwa, haina leseni wala baraza, ukifika tu unaanza. Sasa mimi nahangaika na chuo cha uuguzi cha nini?" Shoga zangu wa zamani na shemeji zangu wakamuunga mkono. Mmoja akasema ni kuosha wazee tu, hata bibi zetu waliifanya bila cheti. Nawajibu wote hapa, na nasema kama lilivyo, maana naona mnadanganywa na watu wanaotaka fedha zenu.

Hapa England leseni haipo, ni kweli. Muuguzi wa Uingereza lazima jina lake liwe kwenye rejista ya baraza la wauguzi na wakunga la hapa, kama nyie mlivyo na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Analipa ada kila mwaka. Akimdhuru mgonjwa anaitwa kujieleza, na jina likifutwa hagusi tena kazi ya uuguzi mahali popote nchini. Tangu Januari 2019, kwa upande wa England, baraza hilo linawasajili pia wasaidizi wa wauguzi waliosomea miaka miwili. Sisi makea wa nyumba za wazee na wahudumu wa wodini, tunaokaa na mgonjwa kuliko mtu yeyote, hatumo. Tunakaguliwa rekodi za polisi na idara inayoitwa DBS, ambayo pia ina orodha ya waliopigwa marufuku kufanya kazi na watoto na watu wazima wasiojiweza. Halafu kuna mafunzo ya Care Certificate, yaliyoanza Aprili 2015. Hayo nayo si sharti la sheria, na ukihamia kwa mwajiri mwingine mara nyingi unarudishwa mwanzo, kwa kuwa haamini alichofundisha mwenzake.

Sasa hilo la kuosha wazee tu. Chukueni mzee mmoja aliyepata kiharusi, upande umepooza na koo halimezi sawasawa. Chai yake inatiwa unga maalumu mpaka iwe nzito, na uzito wenyewe umeandikwa kwenye faili lake. Ukimwonea huruma ukampa chai ya kawaida, inaweza kuteremkia kwenye mapafu, na baada ya siku chache una mgonjwa wa nimonia. Ukimlisha huku amelala chali, hatari ni ileile. Ukimwacha ubavu mmoja usiku kucha, alfajiri unakuta ngozi ya nyongani au ya juu ya makalio imekuwa nyekundu, ukiibonyeza haibadiliki rangi. Hapo kidonda kimeshaanza, na kikiachwa kinachimba mpaka mfupani. Kwa ngozi nyeusi kama zetu huo wekundu hauonekani vizuri. Inabidi upapase kwa mkono usikie joto au ugumu. Hili mtu hufundishwa, hazaliwi nalo, na nimefanya kazi na watu wasiolijua. Muuguzi wa zamu ana wagonjwa wengi, hawezi kuona mgongo wa kila mmoja. Anajua nilichomwambia mimi. Nisipojua cha kutazama, naye hajui.

Na kuna la pili, ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Kwenye nyumba moja niliyofanya kazi alikuwepo mwenzetu mwenye mkono mzito. Mama mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau aligoma kuvaa, yule akamvuta mkono kwa hasira. Nilipomvua fulana jioni niliona alama za vidole, vinne upande mmoja na kimoja upande wa pili. Tukaandika taarifa, akapangiwa kikao, na kabla ya kikao akaacha kazi mwenyewe. Hazikupita siku nyingi nikamwona kituo cha basi, kavaa sare ya wakala mwingine. Sheria inamtaka mwajiri apeleke taarifa DBS hata kama mtu kaondoka kabla hajafukuzwa. Lakini mwajiri anayetaka mambo yaishe kimyakimya hapeleki, na akiulizwa na mwajiri mpya anataja tarehe ya kuanza na ya kuacha, basi. Angekuwa muuguzi, yeyote kati yetu angeweza kumshitaki barazani, na angefuatwa huko huko alikohamia. Kea, tumshitaki kwa nani?

Waingereza wenyewe hili wanalijua siku nyingi. Mwaka 2011 BBC ilionyesha picha zilizochukuliwa kwa siri ndani ya Winterbourne View, hospitali binafsi karibu na Bristol ya watu wenye ulemavu wa akili. Wagonjwa walipigwa, walikandamizwa sakafuni, walimwagiwa maji. Watu 11 walikiri makosa mahakamani na 6 wakafungwa. Wengi wao walikuwa wahudumu kama sisi. Mwaka 2013 ikatoka ripoti ya Robert Francis kuhusu hospitali ya Stafford, ambako wagonjwa waliachwa na kiu na kulala kwenye mashuka machafu. Mojawapo ya mapendekezo yake lilikuwa wahudumu wa afya waandikishwe. Serikali haikulikubali, na badala yake ndiyo ikaja hiyo Care Certificate. Wenzao wametangulia: Scotland na Ireland ya Kaskazini wanawasajili walezi wa wazee, na Wales imewalazimu wanaohudumia majumbani tangu 2020 na wa nyumba za wazee tangu 2022. Hao wa wodini bado hawana rejista hata huko.

Wapo makea wenzangu wasiotaka kabisa kusikia habari za rejista, na siwalaumu. Mshahara ni kima cha chini au juu yake kidogo, nani atalipa ada? Wanasema pia kwamba Winterbourne View walikuwemo wauguzi waliosajiliwa kati ya waliohukumiwa, na hilo ni kweli. Lakini hofu kubwa ni ya viza. Kea aliyeletwa na mwajiri, akipoteza kazi hiyo, kwa kawaida anapewa siku 60 atafute mdhamini mwingine au aondoke nchini. Mtu wa hivyo akiona mgonjwa anateswa na bosi kanyamaza, atasema? Nimewaona walionyamaza, na ni watu wazuri, wana watoto wanaowasomesha Muheza na Pangani. Kwa hiyo mimi nasema rejista iwepo, ada alipe mwajiri, mafunzo yawe mamoja nchi nzima na yamfuate mtu anakokwenda, na anayetoa taarifa ya mateso viza yake isiguswe. Ukiweka rejista peke yake utapata majina tu, na yule mama bado atavutwa mkono.

Wewe mwanangu, chuo usiache. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga kuchukua makea wapya kutoka nje, na hata kabla ya hapo, tangu Machi 2024, kea mpya hakuruhusiwa kuja na mke, mume wala watoto. Anayekudai mamilioni leo kwa ajili ya "kazi ya kea" ni tapeli, hata kama ni mtu wa Ngamiani mnayemjua. Maliza uuguzi, hakikisha chuo chako kinatambuliwa na NACTVET, wasimamizi wa vyuo vya ufundi nchini, usajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Usajili huo utaulizwa kwenye kila mlango utakaobisha baadaye, uwe wa hospitali ya Bombo hapo Tanga au wa ng'ambo.

Na shemeji wa Chumbageni, uliyesema "kuosha wazee tu", nimesikia umemwekea mama msichana wa kumtazama tangu apooze. Binti huyo hayupo kwenye daftari la mtu yeyote, na hajafundishwa na mtu. Kabla hujasafiri nenda naye Bombo mama anapokwenda kliniki, umwombe muuguzi amwonyeshe kwa vitendo namna ya kumgeuza na ya kumlisha akiwa ameketi wima. Mwambie mbele ya mama kwamba akikosea aseme, hatafukuzwa kwa kusema. Na kila ukirudi nyumbani mtazame mama mgongo wewe mwenyewe, au kama unaona haya mwite dada yako atazame, lakini kila wiki, na kwenye mwanga wa mchana.