Uzi unateleza kwenye ndoana

Mdogo wangu, umesema ukifunga chambo cha manyoya cha kuvulia samaki, uzi wako unazunguka kwenye ndoana na manyoya yanang'oka ukiyavuta. Kosa lipo mwanzoni kabisa. Bana ndoana kwenye jiliwa, hata ile ndogo ya mafundi, isitikisike. Anza nyuma kidogo ya tundu la ndoana, lile la kupitishia mshipi, kama milimita 2, maana ukilijaza utakosa pa kufungia mwisho. Shika ncha ya uzi kwa mkono wa kushoto, zungusha mara tano kuelekea tundu, kisha rudi nyuma ukipita juu ya mizunguko hiyohiyo. Uzi unajibana wenyewe, hakuna fundo. Kata ncha, endelea mpaka ndoana inapoanza kupinda.

Kaza karibu na kukatika. Hapo ndipo wengi tunaogopa. Upake nta ya nyuki kwanza, hata kipande kidogo kinatosha, utashika vizuri sana.

Unyoya ubane kwa kidole gumba na cha shahada, pitisha uzi ukiwa umelegea, halafu vuta kwenda chini bila kuachia vidole. Manyoya ya shingo ya jogoo yanafaa, na hapa Moshi hayakosekani kwa wachinja kuku.