Breve ya siku tano haifungui kabineti

SWALI: Mimi ni mama wa Kadutu, hapa Bukavu. Nina D6, diploma ya kumaliza sekondari, ya pedagojia. Mwezi uliopita nilimaliza semina ya siku tano ya usaidizi wa kisaikolojia, nikapewa breve, yaani cheti cha semina. Kanisani wananitumia wamama wenye shida, na sasa nimepata chumba cha kukodi cha kufungulia kabineti, yaani ofisi ya ushauri. Naweza kuandika mlangoni "Mshauri wa kisaikolojia" na kuanza kulipisha?

JIBU: Hapana, mama. Chumba kingoje.

D6 unayo, basi njia ya masomo iko wazi: fakulte ya saikolojia, miaka mitatu ya lisansi na miwili ya masta kwa mfumo huu wa LMD (lisansi, masta, dokta) ulioanza 2021. Sisi wa zamani tulifanya G3 (miaka mitatu ya graduat) kisha L2 (miwili ya lisansi), miaka ileile mitano, na staji, yaani mazoezi ya kazi, ndani yake.

Kinachonichosha ni maneno mawili, leseni na lisansi. Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi. Lisansi ya chuoni kwetu ni diploma tu. Watu huyachanganya, halafu breve inapenya katikati na kujifanya yote mawili. Ufaransa inalinda jina la mwanasaikolojia kwa sheria tangu 1985, Ubelgiji tangu 1993, na Kenya ilitunga sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014. Hakuna hata moja inayomtambua mtu kwa semina ya siku tano.

Juzi nimeonyeshwa breve nyingine. Imefunikwa plastiki, mihuri minne, jina la mwenyewe limeandikwa kwa biki juu ya jina lililofutwa kwa blanko. Nikamuuliza: kesi ikikushinda, unampelekea nani? Nani anasimamia kazi yako? Akanionyesha mihuri tena.

APS, yaani wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii, siwadharau. Utafiti uliofanywa vijijini Kivu na kuchapishwa 2013 ulionyesha kwamba wasaidizi wasio na diploma ya chuo kikuu waliweza kuongoza tiba ya kikundi, vikao 11 na kimoja cha mtu peke yake, kwa wanawake walioathiriwa na ukatili wa kingono, na hao wanawake wakapata nafuu kuliko wenzao waliopewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Wauza breve wanaupenda sana utafiti huo. Wanachoruka ni kwamba wasaidizi wale walikuwa na uzoefu, walifundishwa tiba moja tu kwa wiki mbili, na wakasimamiwa muda wote wa kazi.

Siku tano zako, nadhani, zilikuwa za huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 unaipanga kwa maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Na unakataza kumlazimisha mtu asimulie yaliyompata. Lakini nimempokea mama mmoja aliyesimulishwa kubakwa kwake Jumapili tatu mfululizo, "mshauri" akiandika katika kayé. Alipofika kwangu alikuwa hapati usingizi tena, na mlango ukigongwa anaruka.

Wengine ni hatari zaidi: wanamwekea mgonjwa mikono, kisha wanamwambia aache dawa za kifafa. Dawa hizo zikikatwa ghafla, degedege linaweza kuja bila kukoma, na mtu akafa. Mara nyingi familia hufika SOSAME, hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Bukavu, baada ya pesa yote kuishia kwa mshauri.

Wewe endelea kuwapokea hao wamama kanisani, bila malipo na bila kibao. Aliyebakwa afike hospitali kabla ya masaa 72, kwa sababu dawa za kuzuia ukimwi hazingoji Jumapili. Anayesema anataka kufa, usibaki na siri hiyo. Msindikize hospitalini siku hiyohiyo.

Na kama ile semina uliilipia, mpigie mwalimu wako leo umuulize nani atakusimamia. Nakutakia bahati: wengi wao, pesa ikishaingia, wanabadilisha namba.