Kabla hujachonga chemba, kaza skrubu

Msomaji wa Mafinga ameniandikia kwamba bunduki yake ya kaliba ya .30-06 inatawanya risasi, na ameshawishiwa achonge upya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu linalopokea risasi, ili atumie risasi chotara, yaani ile ya ganda la kawaida lililobadilishwa umbo. Ndugu yangu, subiri kidogo.

Risasi chotara si uhuni. Risasi ya .22-250 ilikuwa kazi ya mafundi wa Marekani kwa miaka mingi kabla kiwanda cha Remington hakijaichukua rasmi mwaka 1965, na .25-06 ikafuata mwaka 1969. Ila wanaopata shabaha kali na maganda ya namna hiyo wana pia mitutu ya gharama, vitako vizito na mkono wa kupima kila kitu. Ganda peke yake halifanyi maajabu.

Anza hivi. Hakikisha bunduki haina risasi, kisha kagua skrubu zinazoshika chuma kwenye kitako. Tumia toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza. Kitako cha mti huhitaji kama Nm (nyutoni mita) 5 (kijitabu cha bunduki ndicho chenye neno la mwisho), na skrubu za pete za darubini kama Nm 2. Anayekaza kwa hasira huminya bomba la darubini, kisha analaumu risasi. Halafu pitisha noti ya elfu mbili kati ya mtutu na mti. Ikikwama, mti unagusa, isipokuwa kama bunduki yako imeundwa makusudi iegemee hapo mbele. Mti hunywa unyevu: bunduki iliyokaa Tukuyu wakati wa masika ikipelekwa Chunya kiangazi, kitako kinaweza kujikunja na shabaha kuhama.

Sasa nenda uwanja wa shabaha unaoruhusiwa. Egemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, mbele na nyuma, na mtutu wenyewe usiguse kitu. Piga risasi kumi za aina moja na uzito mmoja wa kichwa cha risasi, tano kisha tano, ukiacha mtutu upoe hadi uweze kuushika. Tatu zinazogusana hazithibitishi chochote. Hiyo ni bahati, na wengi hupiga picha bahati wakaiweka kwenye simu. Matundu yakipanda juu kadiri mtutu unavyopata moto, kagua mti. Yakijigawa makundi mawili, darubini au pete zake zimelegea. Yakitawanyika pembeni, ni upepo au kidole kwenye kifyatulio. Yakitawanyika ovyo, safisha shaba iliyoganda ndani ya mtutu, kisha jaribu risasi za kiwanda kingine, maana mtutu mmoja unaweza kupenda aina moja na kuikataa nyingine. Kundi la matundu lenye upana wa sentimita 6 kwa mita 100 linatosha kwa mnyama aliye mita 200. Kwenye darubini ya robo dakika (dakika ni sehemu moja ya 60 ya nyuzi), kila kliki ya kirekebishi husogeza shabaha kama milimita 7 kwa mita hizo 100.

Habari ya hewa nyepesi ya Mbeya usiihangaikie kwa umbali huo. Ukifika mita 500 ndipo inahesabika.

Kama bado unataka chotara, chagua mtindo wa Ackley Improved: ganda lililonyooshwa ubavu, bega la nyuzi 40. Uzuri wake ni kwamba unanunua .30-06 ya dukani na kuipiga humo humo, na ganda linajiumba lenyewe. Kasi ya ziada ya risasi inakuja baadaye, ukijaza upya ganda hilo kwa baruti na kichwa kipya, nayo ni ndogo. Na kujaza risasi hapa nchini bila kibali ni kosa. Zungumza na polisi wa leseni kabla fundi hajagusa mtutu, kwa sababu kaliba imeandikwa kwenye leseni yako.

Fundi asiyejua hupanua chemba tu. Chemba sahihi huwa fupi kidogo kuliko ya kawaida, kama milimita 0.1, ili risasi ya dukani ibanwe pale shingo inapokutana na bega. Nafasi ya ganda ndani ya chemba ikizidi, ganda hunyooka karibu na kitako chake, likapasuka, na gesi ikarudi usoni. Mwisho wa kazi, jina jipya lichongwe kwenye mtutu: ganda lililokwisha kuumbwa humo haliingii tena kwenye .30-06 ya kawaida.